Kairo (2001): muvi ya mizimu ya Kijapani ambayo haina adui, ndo maana inachanganya

Mara ya kwanza kuiangalia hii muvi nilimaliza nikabaki nimekaa tu, sijatishika vile nilivyotegemea, sijaelewa, afu nina kahasira fulani hivi kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu ila hajui imepungua kiasi gani. Nilikuwa naangalia na mdogo wangu wa kike, yeye akauliza swali moja tu, sasa hapo nani kamuua nani? Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Akaenda zake kulala. Mi nikairudisha mwanzo.

Kwaiyo haya ni maoni ya mtu aliyeiona mara tatu, na namwaga mtama wote, mwisho na kila kitu. Kama hujaiona na unapenda kushtukizwa basi ishia hapa, ingawa kusema ukweli sio muvi ya kuharibika kwa kusimuliwa, unaweza ukaambiwa kila kinachotokea na bado ukikaa mbele ya skrini ukawa hujui kinachotokea.

Jina lake Kairo, kwa Kijapani ni saketi, ule mzunguko wa umeme, shikilia hilo neno tutalirudia. Nje ya Japani wanaiita Pulse. Dairekta ni Kiyoshi Kurosawa, na hapana, sio ndugu wa yule Akira Kurosawa wa muvi za masamurai, majina tu yamegongana. Ilitoka 2001, ikaenda tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo kwenye kile kitengo cha Un Certain Regard ikabeba tuzo ya wakosoaji wa kimataifa, FIPRESCI. Ni karibu masaa mawili na ni ya taratibu. Narudia, ni ya TARATIBU. Ukija na mzuka wa kupiga kelele na kushikana mikono utasinzia.

Stori iko hivi. Tuna watu wa makundi mawili Tokyo ambao hawajuani. Kundi la kwanza ni Michi, binti anayefanya kazi kwenye kampuni ya mimea huko juu ya paa la jengo, na wenzake wa kazini Junko, Yabe na Taguchi. Taguchi ana siku kadhaa haonekani na ana diski yao ya kazi. Kundi la pili ni Ryosuke, mwanafunzi wa uchumi ambaye hajui kompyuta hata kidogo ila kajiunga na intaneti kwa sababu kila mtu anajiunga, ile ya zamani ya kupiga kupitia laini ya simu inayolia kama paka anakanyagwa, na kule chuoni anakutana na Harue anayezijua kompyuta vizuri. Kompyuta ya Ryosuke inajiwasha yenyewe usiku na kumwonyesha watu wako peke yao kwenye vyumba vya giza, hawafanyi kitu, wamekaa tu, mmoja kavaa mfuko mweusi kichwani. Afu inamuuliza kama anataka kukutana na mzimu. Kuanzia hapo watu wanaanza kupotea mmoja mmoja, wengine wanajiua, wengine wanageuka doa jeusi ukutani, na kabla hujajua Tokyo nzima imebaki tupu.

Sasa nikupe sini moja kwa ukaribu maana kwangu muvi nzima imo humo, na watu wengi wanaipita wakikimbilia mizimu. Michi anaenda kwa Taguchi kufuata ile diski. Anaingia, nyumba ina giza giza, katikati kuna pazia la plastiki, lile linaloonyesha umbo bila sura. Nyuma ya pazia kuna mtu kasimama. Ni Taguchi. Wanaongea. Anajibu kawaida kabisa, sio kwa sauti ya kuzimu wala nini, anamwambia diski iko kule mezani. Michi anageuka anaanza kuchambua zile diski, huku anaendelea kumsemesha, na Taguchi anaondoka taratibu kwenye fremu. Hakuna muziki wa kukuambia shtuka. Michi anaipata diski, anageuka kumwonyesha, kimya, anaenda upande wa pili, mtu kashajinyonga. Muda wote ule wa kutafuta diski, ule muda tuliokuwa tunaangalia mgongo wa Michi, mwenzie alikuwa anakufa hatua chache kutoka alipo. Na diski ilikuwa palepale alipomwelekeza!

Mara ya kwanza nilisubiri nielezwe kwa nini. Haielezwi. Mara ya pili ndo nikaona kumbe hiyo ndo muvi yenyewe, umbali kati ya watu wawili walio chumba kimoja. Ukishaishika hiyo, mengi yaliyobaki yanakaa sawa, sio yote lakini mengi.

Twende kwa mizimu sasa maana najua ndo mlichofuata. Yabe, huyu mwenzao, anapigiwa simu na sauti inamwambia nisaidie, tena nisaidie, sauti ya mtu aliyekufa. Anaenda, anakuta doa jeusi ukutani pale Taguchi alipojinyongea, afu anakutana na mlango umebandikwa utepe mwekundu pembeni kote, kama vile mtu alikuwa anaziba upepo usipite. Anabandua, anaingia. Huko ndani kuna mwanamke kasimama mwisho wa chumba, anaanza kuja. Anatembea tu jamani, hana damu, hatambai, hatoi macho. Ila katikati ya hatua mguu unamlegea, mwili unateleza kwenda chini polepole kama nguo inayodondoka kwenye kamba, afu unajiinua, anaendelea kuja kama hakuna kilichotokea. Aisee. Sijui nieleze vipi, ni kitu kidogo sana lakini mwili wako unajua kuwa binadamu hadondoki hivyo. Yabe anajificha nyuma ya kochi, na mwanamke anainama kuchungulia. Basi. Hamshiki, hamng'ati, hamfanyi kitu. Anamwangalia tu, na Yabe kuanzia siku hiyo kaisha.

Sa hapa ndo nilipokwama mara ya kwanza, kwa sababu sisi tumezoea muvi ina steringi na ina adui, na ukiwa na muvi ya mzimu adui ni mzimu, ana kisa chake, aliuawa kwenye kisima au nyumbani kwake, anataka kisasi, ukikifukua kisa unampumzisha. Muvi za Kijapani za kipindi kile nyingi zilienda hivyo, ile Ringu ya 1998 ndo ilifungua njia, na huko kwao mzimu wa kisasi una jina lake kabisa, onryo. Unakuja kwenye Kairo ukitafuta onryo na hayupo. Yule mwanamke wa kwenye chumba hatuambiwi ni nani. Hana jina, hana kisa, hakuna mtu anayeenda maktaba kusoma gazeti la zamani. Ukimtafuta adui utazunguka kama kipofu ndani ya gunia mpaka muvi inaisha.

Kuna mtu mmoja anajaribu kutoa maelezo, Yoshizaki, mwanafunzi wa ngazi za juu pale chuoni. Nadharia yake ni kwamba kule wanakokaa wafu kuna kikomo, kumejaa, sasa wanaanza kumwagika huku kwetu kama maji kwenye ndoo. Watu wengi wakiulizwa Kairo inahusu nini wanatoa jibu la Yoshizaki na wanafunga mjadala. Mi hapo ndo nagoma. Yoshizaki ni mwanafunzi anayebahatisha, ametulia mno, anaongea kama anayeeleza hali ya hewa, na muvi haimpi ushahidi wowote wa maana. Tena Harue baadae anakuja na wazo linalompinga kabisa, kwamba mizimu haitaki kuua watu maana ukiua mtu umeongeza mzimu mwingine, sasa kama kumejaa utaongezaje? Anasema inachofanya ni kumfungia mtu ndani ya upweke wake ili aendelee kuwepo hivyohivyo milele. Nadharia mbili ndani ya muvi moja na hakuna anayekuja kusema ipi sahihi. Ukinilazimisha nichague nachukua ya Harue, maana angalau yenyewe inaeleza yale madoa.

Ila Yoshizaki huyohuyo ana kitu kingine cha maana zaidi ya hiyo stori ya kujaa, na ni ile programu yake ya kompyuta. Ni skrini nyeusi ina vidoti vyeupe vinaelea. Vidoti viwili vikisogeleana sana vinakufa, vikiachana sana vinavutwa kurudi. Basi, hiyo tu. Inaelezwa kuwa ni kama dunia yetu kwa udogo. Rudi sasa kwa Taguchi na Michi na lile pazia, rudi kwa Yabe na kochi, rudi kwa kila sini ya watu wawili humu ndani uangalie wamekaa umbali gani, utaona dairekta anawapanga kama vile vidoti. Karibu hakuna anayemgusa mwenzie. Wakiongea kuna meza, kioo, pazia, mlango, kompyuta. Mara ya tatu niliangalia hicho tu na ndo mara niliyoogopa kwelikweli, tena mchana.

Utepe mwekundu je? Hili ndo swali linalogombaniwa kuliko yote na mi jibu langu ni la nusu. Wajapani wana hadithi za akazu no ma, chumba kisichofunguliwa, na kwenye muvi hilo neno limeandikwa kwenye karatasi, kwaiyo akili yako inakimbilia kusema utepe unazuia, unafungia mizimu isitoke. Lakini sikiliza Yoshizaki anavyosimulia lilivyoanza, fundi wa ujenzi alikuwa na chumba akakiziba na utepe mwekundu uliokuwa karibu, bila mpango, na ghafla chumba kikaanza kufanya kazi. Anasema kifaa kiwe duni kiasi gani, mfumo ukishakamilika unajiendesha wenyewe na hauzimiki tena. Umeona? Saketi! Utepe haufungii kitu, utepe ndo waya. Anayebandika anaunganisha. Na ndo maana watu wanaendelea kubandika mjini kote hata pale ambapo mtu mwenye akili zake angekimbia. Ila bado kuna yule mwanamke ambaye Michi anamwona anabandika mlango, afu baadae huyo mwanamke anapanda juu ya mnara na kujirusha, kamera imekaa mbali haikati, unamwona anatoka juu mpaka anafika chini, puu, sini ileile moja. Alikuwa anaziba au anaunganisha? Sijui na nimeshaacha kujisumbua.

Na hili la intaneti. Ukiongea na mtu yeyote kuhusu Kairo atakuambia aah ile ya kuonya kuhusu mitandao, walitabiri mapema, tumekuwa wapweke kwa sababu ya simu. Naelewa kwa nini, ila ni kuirahisisha mno. Ryosuke alikuwa peke yake kabla hajanunua ile huduma, hajui hata kuitumia, angalia chumba chake. Mizimu inakuja pia kwa simu ya kawaida, inatokea maktaba, inatokea sehemu ya michezo ya video, inatokea kwenye vyumba visivyo hata na kompyuta. Halafu Harue anamuuliza Ryosuke kama alijiunga ili aungane na watu, na jamaa hana jibu la maana, na Harue anasema watu hawaunganishwi hivyo, kila mtu anaishi kivyake kama vile vidoti. Kwaiyo kompyuta haijaleta upweke, imeuonyesha tu. Huko Japani kipindi hicho tayari kulikuwa na mjadala mkubwa wa hikikomori, watu hasa vijana wanaojifungia chumbani miezi na miaka, daktari wa akili Tamaki Saito alitoa kitabu chake kuhusu hilo 1998, miaka mitatu kabla ya muvi. Zile picha za watu kwenye vyumba vya giza mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Yale madoa nayo. Mtu anasogea ukutani, anabaki doa jeusi lenye umbo la mtu, afu doa linabanduka kama majivu yanaruka. Junko anaenda hivyo, na ile ya Junko iliniumiza kuliko zote, kwa sababu Michi alimtoa kwenye chumba cha utepe, akamleta kwake, akakaa naye, akafanya yote ambayo rafiki anatakiwa afanye, na binti bado anainuka anauendea ukuta. Michi anabaki na vipande vyeusi vinapeperuka na havishikiki. Mjapani akiona kivuli cha mtu kimebaki ukutani bila mtu anafikiria Hiroshima, hilo halikwepeki. Tarehe 6 Agosti 1945 kuna mtu alikuwa kwenye ngazi za benki ya Sumitomo, bomu likapiga, na kwenye jiwe kikabaki kivuli chake, zile ngazi sasa ziko kwenye makumbusho ya amani ya pale Hiroshima. Muvi hailitaji hilo bomu hata mara moja. Ila baadae Tokyo imebaki tupu, moshi kila mahali, linatokea lindege la kijeshi linawaka moto linaanguka katikati ya mji, na unajikuta unajua unaangalia nini bila kuambiwa.

Harue sasa, kwa maoni yangu ndo roho ya muvi na ndo anayeeleweka vibaya. Wao wawili wanatoroka kwa treni, Ryosuke kajaa matumaini, tutaenda mbali, tutakuwa wote, treni inasimama katikati ya safari, na Harue anashuka anarudi kwake mbio. Mara ya kwanza nilimtukana kabisa. Sasa fuata anachofanya akifika. Kompyuta yake inaonyesha chumba, na kwenye chumba kuna mtu, na ni yeye mwenyewe, anaonekana kwa nyuma, maana yake kuna kitu kinamwangalia muda huohuo. Mimi na wewe tungevunja dirisha. Yeye anageuka, anausogelea ule utupu, anaukumbatia na anafurahi kwamba hayuko peke yake. Yule kijana wa damu na nyama aliyekuwa anambembeleza kwenye treni hakumpa hicho. Ukiangalia kwa jicho la vidoti, Ryosuke alisogea sana na kwa haraka, akawa anamwahidi kutokufa wakati mwenzie anaulizia kitu tofauti kabisa. Baadae wanamkuta kwenye kiwanda kilichoachwa, ana mfuko kichwani na bastola, na Ryosuke anachelewa kwa hatua chache tu. Tena zilezile hatua za mwanzo wa muvi.

Kwenye kiwanda hichohicho Ryosuke anaingia chumba cha utepe kwa bahati mbaya, anafuata kifuniko kilichobingirika wakati anatafuta mafuta ya gari. Mzimu anamkuta na kumwambia kifo kilikuwa upweke usioisha, na anaomba msaada. Ryosuke anakataa, anasema wewe ni njozi, haupo, na anaamua amshike athibitishe. Anamshika mabegani. Mabega yapo. Ile sekunde mikono inapogota kwenye kitu kigumu ndo ilinifanya nisimamishe muvi nikawashe taa. Maana muda wote nilidhani hofu ni kwamba wafu hawashikiki, kumbe ni kwamba wanashikika, wako hivyohivyo, na bado hakuna msaada unaoweza kuwapa. Kumbuka mizimu humu inasema nini kila inapopiga simu. Haisemi nitakuua. Inasema nisaidie. Yule jamaa wa mfuko kichwani ukuta wake umeandikwa hilo neno tele. Sasa unamchukiaje adui anayeomba msaada, na ndo maana nasema adui hayupo.

Mwisho Michi na Ryosuke, ambao wamekutana wakiwa kama watu wa mwisho Tokyo, wanafika baharini wanachukuliwa na meli, nahodha ni mwigizaji Koji Yakusho ambaye anatokea dakika chache tu, wanaelekea upande wa Amerika ya Kusini kwa sababu kuna mawasiliano hafifu yanatokea huko. Ryosuke kashachoka, kakaa chini kaegemea ukuta wa chumba cha meli, Michi yuko pembeni, na jamaa anageuka doa. Na Michi anasema, kwa sauti ya msimulizi, kwamba sasa yuko na rafiki yake wa mwisho duniani na ameipata furaha. Kamera inaondoka juu, meli inakuwa ndogo, bahari, imeisha.

Wengine wanasema hapo Michi kachanganyikiwa. Wengine wanasema na yeye kashakufa na meli ni ya wafu. Mi siamini yote mawili. Angalia Michi toka mwanzo, yeye ndo pekee anayeenda, kila mtu akipotea yeye anafunga safari, alienda kwa Taguchi, akamfuata Yabe, akambeba Junko, na hakufanikiwa hata mara moja, zote kachelewa au kashindwa. Na ndo aliyebaki. Sidhani muvi inamzawadia kwa wema wake, maana haina huo moyo, ila naona inasema alikuwa na umbali wa kidoti kinachoishi, anasogea ila hang'ang'anii. Na mwishoni anakaa na doa bila kulikimbia wala kujigeuza doa. Hiyo furaha mi naiamini. Nikiwa na usingizi siiamini.

Lawama zipo, isionekane nimelogwa. Katikati kuna kama dakika ishirini zinavuta miguu hasa upande wa chuoni, Ryosuke anakera kwa uigizaji wake wa kushangaa shangaa ingawa mara ya tatu nilimzoea, lile dege linaonekana la kompyuta waziwazi, na kurukaruka kati ya makundi mawili ya watu kunafanya usahau nani ni nani, mdogo wangu alikuwa anawachanganya Yabe na Ryosuke mpaka nusu ya muvi. Afu giza. Mpiga picha ni Junichiro Hayashi, aliyepiga pia Ringu, na kapaka kila kitu rangi ya kijani kijani na kijivu, inapendeza ila kwenye skrini yenye mwanga wa dirishani huoni kitu, na humu ndani kona ya giza ndo imebeba kazi yote, kuna sini mzimu yupo kwenye fremu muda mrefu kabla hujamgundua. Kwaiyo usiku, taa zima, hedifoni. Hedifoni ni lazima kwa sababu ukimya wake sio ukimya mtupu, kuna mngurumo mdogo unapita chini, halafu zile sauti za kike zinazoimba juu kwa mbali, kwenye spika za laptop vyote vinapotea unabaki na watu wanaotembea polepole.

Na usiangalie ile ya Wamarekani ya 2006 kwanza ukadhani umeiona. Ile ina mwigizaji Kristen Bell na ina maelezo ya kila kitu, kuna masafa ya mawasiliano yaligunduliwa yakafungua njia, haya tumeelewa, na haitishi hata kidogo. Nashukuru ipo lakini, maana baada ya kuiona ndo nikaacha kuilaumu Kairo kwa kutoeleza.

Nyota nne na nusu kwa tano. Nusu nimeikatia dege.

Mdogo wangu nilijua kashaisahau. Siku ya pili asubuhi kaja jikoni na kikombe chake, kasimama pale mlangoni, haniangalii, akauliza, ‘yule kaka wa kwanza, wa nyuma ya pazia, si alikuwa anamjibu vizuri tu?’